Shahidi wa Kumi na Mbili

Kumtafuta Maati saa za kazi hakukuwa na taabu. Utamkuta mkahawani kwa Ghali, meza ya tatu kutoka mlangoni, amekaa upande upande ili mlango wa ofisi ya waandishi wa kadhi, ng'ambo ya barabara, usimpotee machoni. Mbele yake gilasi ya chai ya nanaa iliyopoa tangu asubuhi. Hakuwa akimsubiri mtu. Alikuwa akisubiri hesabu ya watu ipungue.

Hapa kwetu Ain Zerga, mwenye jambo lisilo na karatasi huenda kutafuta wanaume kumi na wawili. Hao husimama mbele ya waandishi wawili, wakala yamini na kusema wanachokijua: fulani kafariki na warithi wake ni hawa, ukuta huu ni wa fulani tangu zamani, hawa wawili ni mume na mke. Waandishi wanaandika, mashahidi wanatia dole gumba, kadhi anagonga mhuri, na maneno yamekuwa hati. Walioweka desturi hii walidhani kwamba watu kumi na wawili hawawezi kukosa haya wote kwa pamoja, mahali pamoja, siku moja. Walikosea kwa sababu hawakumjua Maati.

Mtu mwenye haki yake huwapata mashahidi wanane, tisa, hata kumi na mmoja, kisha anakwama. Jirani kaenda mavunoni, binamu anaumwa, mwingine ghafla amekumbuka ana shughuli. Hapo ndipo dalali huvuka barabara na kuita, "Wa Kumi na Mbili!" naye Maati huinuka, akajipangusa jalaba lake, lile vazi refu la kofia, akaenda kuapa juu ya jambo ambalo ndiyo kwanza analisikia ngazini. Jina hilo walimpa kwa dharau. Yeye aliliona cheo.

Baba yake alikuwa mshona matandiko ya punda, mtu mkweli mwenye vidole vilivyochanika, na alimfundisha mwanawe kazi hiyo. Kazi ilimchosha Maati kabla hajaianza sawasawa. Akiwa na miaka ishirini na mitano aliitwa kushuhudia kisima cha jirani, akasema kweli tupu, na jirani kwa shukrani akamnunulia kahawa na sahani ya samaki wa kukaanga. Mwingine angekula samaki, akashukuru, akarudi kwenye sindano yake. Maati alikula samaki na hakuishika sindano tena. Hata hivyo katika kila hati aliendelea kuandikwa "mshona matandiko", kwa hiyo uongo wake ulianza kabla hata hajafika kwenye jambo lenyewe.

Kwa miaka thelathini aliwaoza wanawake asiowajua na kuwapa watu nyumba ambazo hajawahi kupita mbele yake. Alimzika kwa kiapo mchuuzi mmoja wa vitunguu aliyekuwa amehamia mji mwingine. Mwaka uliofuata marehemu akarudi sokoni, akamuuzia kilo mbili, na Maati akamlalamikia kwamba vimeoza. Siku nyingine hakimu mmoja alimshuku, akamuuliza nyumba anayoishuhudia mlango wake unatazama wapi. "Unatazama nje, mheshimiwa," akajibu. Baraza zima likaangua kicheko, naye akatoka mzima. Ndivyo tulivyo. Mtu akituchekesha tunamsamehe, mradi aliyeumia ni mwingine.

Mkewe aliitwa Rkia. Nalitaja jina mapema kwa sababu mumewe hakulitaja. Mkahawani alisema "watu wa nyumbani", na wako wanaume wengi kwetu wanaosema hivyo kwa adabu. Nyumbani alisema "wewe", na hiyo haikuwa adabu, ulikuwa uvivu.

Rkia alitoka milimani. Baba yake alikuwa mlinzi wa msitu, na tangu ujana wake kila mtu, hata wanawe, alimwita Bou Tagant, mtu wa msituni. Alimtoa bintiye kwa Fatiha tu, bila karatasi, kama walivyofanya huko enzi hizo, kwa kuwa aliambiwa mchumba ni mshona matandiko. Mwezi wa pili alisikia kazi hasa ya mkwe wake. Akashuka mlimani na nyumbu wake, akasimama mlangoni, wala hakuteremka.

"Binti yangu, kwangu kuna nyumba ukiitaka," alisema. "Kwa huyu bwana sinywi hata maji."

Rkia hakumfuata siku ile. Alikuwa msichana, na aliona aibu kurudi na mkoba aliokwenda nao. Lakini mzee alishika neno lake miaka ishirini na sita, na kila sikukuu Rkia alipanda mlimani peke yake kwenda kumsalimu. Mungu hakumjalia Rkia mtoto. Karatasi ya kuzaliwa hakuwa nayo, ya ndoa hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni ahadi: mizeituni arobaini ya ngazi ya juu ya shamba la mlimani, karibu na chemchemi, ile aliyoinywesha kwa ndoo akiwa mtoto, pamoja na chumba kimoja cha mawe kilicho kando yake. "Hilo ndilo fungu lako," baba yake alimwambia mbele ya kaka zake wawili, Lahbib na Moha. Rkia hakutamani kitu kingine duniani. Alitaka siku moja afunge mlango wa nyumba ile inayoishi kwa viapo, apande mlimani, ale mkate usiomlazimu kuuliza umetoka wapi.

Bou Tagant alifariki majira ya machipuko. Maati alikwenda msibani, akala kuskusi mara mbili. Kaka zake Rkia walimwambia dada yao, "Subiri mavuno, tutagawana," naye akasubiri.

Mwezi wa sita, asubuhi, dalali Kaddour aliingia mkahawani. Kaddour alikuwa mtu wa kukusanya mashahidi kama wengine wanavyokusanya chupa tupu.

"Wa Kumi na Mbili! Imalize hiyo chai, unaitazama kama unataka kuiposa."

"Nani kafa?"

"Mzee mmoja wa milimani. Akka Azeroual. Kaacha watoto wawili wa kiume, basi."

"Mungu amrehemu. Nilimjua."

"Hujamjua bado, mpuuzi wewe! Ndiyo kwanza nakutajia."

"Nitakuwa nimemjua tukishavuka barabara."

Warithi wenyewe hawakuwepo. Walimpa Kaddour barua ya uwakala wakabaki mlimani, wasionekane. Basi wanaume kumi na wawili walijipanga mbele ya meza, na mwandishi mzee, Si Tayeb, yaani Bwana Tayeb, akasoma kwa ile sauti yake ya haraka: kwamba mashahidi hawa walimjua marehemu kwa kuchanganyika naye, kwa ujirani na kwa kumfahamu, bila shaka wala dhana. Maati alitikisa kichwa mahali pa kutikisa kichwa. Macho yake yalikuwa dirishani, kwa muuza vichwa vya kondoo.

Azeroual lilikuwa jina la kwenye daftari la serikali. Mlimani halikutumika. Lakini nyumbani kwa Maati lilikuwa limetamkwa mara nyingi tu, kila Rkia alipohangaikia karatasi zake, naye Maati alikuwa akiitikia "enhe" huku anatafuna.

"Na hakuacha mrithi mwingine?" Si Tayeb aliuliza.

Hapo ingetosha kusema hapana. Kumi na mmoja walisema hapana. Lakini Maati alikuwa na kiburi cha fundi. Aliona aibu kutoa uongo usiopambwa. Akajifuta jicho kavu kwa ncha ya kilemba.

"Maskini, alitamani binti, Si Tayeb, alitamani sana! Mungu hakumjalia."

Si Tayeb akaliandika na hilo. Maati alipenda lilivyosikika likisomwa tena.

Adhuhuri alirudi nyumbani na kichwa cha kondoo. Rkia alikibabua, akakiosha, akakitia chunguni.

"Leo kafa nani?"

"Simjui."

"Na umeapa."

"Ndiyo kazi."

"Mungu amrehemu," Rkia alisema, "na awalinde aliowaacha." Kisha akala, kwa sababu alikuwa na njaa.

Mavuno yalipofika, alibeba mkeka na fimbo ya kupukutishia mizeituni, akapanda mlimani. Moha alimkuta njiani.

"Dada, unakwenda wapi?"

"Kwenye mizeituni yangu."

"Huna mizeituni." Akatoa karatasi mfukoni, alikuwa ameibeba makusudi. "Humu imeandikwa baba hakuwa na binti."

"Kwa hiyo mimi nani, Moha? Nani alikubeba mgongoni ukiwa na surua?"

"Mama alikuokota mwaka wa njaa. Sisemi mimi. Wamesema watu kumi na wawili, kwa kiapo. Ichukue, ninayo nyingine."

Moha hakujua kwamba kwa miaka miwili dada yake alikuwa akihudhuria darasa la kusoma msikitini, na wanawake wenzake wenye miwani ya kuazimana. Rkia aliketi juu ya jiwe, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza. Alisoma jina la baba yake. Akasoma majina ya kaka zake. Akasoma kwamba marehemu alitamani binti na hakujaliwa. Halafu yakaja majina ya mashahidi, moja moja, mpaka la kumi na mbili, Maati, mshona matandiko. Akalisoma mara ya pili, kwa kuwa bado hakujiamini katika kusoma. Lilikuwa hilo hilo.

Ijumaa hiyo aliandaa kuskusi. Maati alikwisha kuanza kula alipoiona karatasi kando ya sinia.

"Hii nini?"

"Isome."

"Unajua kabisa sijui kusoma."

"Basi sikiliza. Leo sikiliza."

Akamsomea. Maati aliendelea kuchota mpaka lilipotajwa jina, akasema mdomo umejaa, "Huyo namkumbuka, yule mzee wa milimani."

"Huyo ni Bou Tagant."

Kijiko kikasimama hewani.

"Bou Tagant baba yako?"

"Nina mwingine?"

"Sasa mbona hawakusema Bou Tagant!" Maati alipiga sinia kwa kijiko, kwa hasira ya mtu aliyedhulumiwa. "Wangesema Bou Tagant ningejua! Hawa watu hawana adabu, wanakuja na majina ya ofisini!"

"Ungejua, ungefanya nini?"

Jibu la kweli ni kwamba angedai malipo makubwa zaidi. Hata yeye aliona halisemeki.

"Nimemuuliza wakili," Rkia alisema. "Naweza kuleta wazee wa mlimani, tukabishana miaka mitano, na wengine watakuwa wamekufa. Au mmoja wa hawa kumi na wawili arudi nyuma. Akirudi mmoja wanabaki kumi na mmoja, na hati imekufa. Sihitaji wote, Maati. Nakuhitaji wewe tu."

"Nitafungwa!"

"Miezi kadhaa."

"Mtu mzima mimi, na mgongo huu?"

"Mgongo wako haujabeba kitu tangu nikujue."

Hakulia, wala hakupiga kelele. Alikunja karatasi, akaitia kifuani, akaondoa sinia mbele yake kuskusi ikiwa bado nusu. Hilo lilimuumiza Maati kuliko yote aliyoyasikia.

Alikwenda mkahawani kutafuta ushauri, na mshauri aliyempata ni Kaddour. "Ukirudi nyuma wewe, unatuponza sote," Kaddour alimwambia kwa sauti ya chini. "Nenda kaseme ulichosema. Mkeo? Mke gani? Una hati ya ndoa wewe?" Maati alikiri hana. "Basi unaogopa nini? Mwambie hakimu humjui." Na Maati, Mungu atusitiri, aliondoka pale amefarijika.

Rkia alifungua kesi, na siku ya kusikilizwa ikafika. Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye mafua, hana hamu ya kuchekeshwa. Lahbib na Moha walikaa mbele wamevaa majalaba mapya. Rkia alisimama upande wa pili, mikono kifuani, juu ya ile karatasi. Maati aliitwa, akaapishwa. Kiapo kilimtoka mdomoni laini kabisa.

"Unathibitisha ushahidi wako kwamba Akka Azeroual hakuwa na binti?"

"Nathibitisha, mheshimiwa."

"Mwanamke yule unamjua?"

Maati aligeuka. Alikuwa amejiandaa kusema simjui. Alikuwa amelisema moyoni njia nzima. Lakini nyuma ya Rkia walikaa wanawake sita wa darasa la msikitini, na wote sita walikuwa wamewahi kula nyumbani kwake.

"Ni... watu wa nyumbani."

"Watu wangapi? Namwona mmoja."

Kicheko kilipita, na safari hii hakikuwa upande wake.

"Mke wangu, mheshimiwa."

"Jina lake?"

"Rkia."

"Binti wa nani?"

Akisema wa Akka, ameapa uongo hapa hapa, dakika moja iliyopita. Akisema hajui, atakuwa ameishi miaka ishirini na sita na mwanamke asiyejua ni binti wa nani. Akafanya alichokifanya maisha yake yote, akatafuta mlango mwembamba wa kupenya peke yake.

"Mheshimiwa, mimi sina kosa! Huyo marehemu sikujua ni nani. Sikujua wananisomea habari za nani. Nilitikisa kichwa tu, kama siku zote."

Hakimu aliweka leso chini.

"Kama siku zote?"

"Ndiyo, mheshimiwa," Maati alisema kwa moyo mweupe, akiona ameeleweka. "Huwa sisikilizi."

Karani aliandika neno kwa neno. Hakimu aliichukua hati ya urithi, akayatazama majina yake, akachora mstari kwa kalamu.

"Wamebaki kumi na mmoja," alisema. "Hati hii haipo tena. Dai la binti litasikilizwa, na faili la mashahidi liende kwa mwendesha mashtaka leo hii."

Moha alianza kumtukana Kaddour kwa Kiamazighi, lugha ya milimani. Maati alichelewa kidogo kuelewa. Alipoelewa nusu ya kwanza uso ulimng'aa, akamgeukia mkewe mbele ya watu wote.

"Umeona? Nimekurudishia mizeituni yako!"

Hakimu alimuuliza Rkia kama ana la kusema juu ya shahidi huyo.

"Ninalo, mheshimiwa," Rkia alisema. "Huyu namjua. Kwa kuchanganyika naye, kwa ujirani na kwa kumfahamu, miaka ishirini na sita, bila shaka wala dhana. Hajanirudishia kitu. Ameogopa tu."

Nusu ya pili Maati aliielewa askari alipomshika mkono.

Walifungwa wote kumi na wawili, miezi minane kila mmoja, na Kaddour zaidi, katika gereza jingine. Chakula cha gereza letu ni dengu na maji yaliyochemkia dengu, na anayetaka kula kama mtu hutegemea kikapu cha kutoka nyumbani. Wiki ya kwanza karani wa gereza alipita na daftari, akiandika nani ataletewa na nani.

"Mke wangu," Maati alisema. Na bila kukwama, bila kuulizwa, akalitamka lote: "Rkia, binti wa Akka Azeroual."

"Hati ya ndoa?"

"Hatuna. Tulisomewa Fatiha."

"Bila hati simwandiki. Lete mashahidi kumi na wawili."

Karani alikuwa akimkejeli, lakini Maati hakuona kejeli. Aligeuka akawaita wenzake, nao wakaja kwa mazoea, wengine wakijipangusa nguo, wakajipanga ukutani. Karani aliwahesabu kwa ncha ya kalamu, polepole, akiifurahia kazi yake.

"Kumi na mmoja," alisema.

"Na mimi!"

"Wewe ndiye unayeshuhudiwa, mzee. Anatakiwa mmoja anayekujua."

Maati alituma salamu kwa mwanamke mmoja aliyekuja kumtembelea mumewe: amwambie Rkia ashuke aje, aseme yeye mwenyewe kwamba ni mkewe, itatosha. Mwanamke yule alipanda mlimani. Alimkuta ngazi ya juu, kwenye fungu alilokwisha kukabidhiwa, mkeka umetandazwa chini ya miti, mlango wa kile chumba cha mawe uko wazi na moshi wa mkate unatoka. Rkia alimsikiliza mpaka mwisho huku akichambua majani kwenye mizeituni. Kisha akamkatia mkate, akamwagia mafuta mapya, akamuuliza barabara ya kurudi ina matope kiasi gani.

Kikapu hakikwenda.